Vijana Niliowafundisha Kupita Bila Salamu

Walimu wenzangu mnaobaki, nimewaachia filimbi mbili, matairi chakavu tuliyoyakata nusu na kuyapaka chokaa, na lile gari lenye breki upande wa mwalimu. Msilibadilishe kanyagio la hiyo breki hata kama linaonekana baya. Lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea wa pale Nachingwea kwa chuma cha baiskeli, na limeokoa watu wengi kuliko mimi. Vitu vingine vya kazi yetu havikuwemo stoo siku ya makabidhiano kwa sababu havishikiki kwa mkono. Hivyo ndivyo ninavyoviandika hapa, kabla sijavisahau au kuanza kuvipamba.

Mnanijua. Vijana wa Ruangwa waliniita Mwalimu Breki, na wengine bado wanadhani ndilo jina nililopewa na wazazi wangu. Nimezaliwa Ruponda, nimefundisha udereva Nachingwea, nikahamia Ruangwa, na mwaka huu nimestaafu. Vyeo nilivyopata au kukosa havimsaidii mtu anayejifunza kushika klachi, kwa hiyo sitavitaja. Nitaeleza nilivyoanza na nilichokiona kwa vijana, kisha nitawaeleza habari ya Shaibu wa Mbekenyera. Kusema kweli, hayo ya mwanzo nayaandika ili nipate nguvu ya kufika kwa Shaibu.

Aliyenifundisha kufundisha alikuwa Mzee Likwata, dereva wa malori aliyezeekea kwenye barabara za Kusini enzi zile ambazo lori likikwama masika lilibaki palepale mpaka udongo ukauke, na dereva akarudi nyumbani na ndevu. Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vyeusi na suruali iliyopigwa pasi, nikasimama karibu na gari nikisubiri kuambiwa niingie. Akanitazama miguuni.

"Hivyo viatu vinatembea?"

Nikamwambia vinatembea.

"Basi twende."

Akalipita gari kama vile si lake. Tukaanza kutembea kwa miguu kwenye barabara ya kutoka mjini, jua limetukalia utosini.

Kila tulipofika penye nyumba alisimama. "Hiyo nyumba ina nini?" Nikamjibu ina mlango. "Mlango unatazama wapi?" Nikamjibu barabarani. "Basi humo mna mtoto. Hujamwona, lakini yupo." Tukafika kwa mbuzi aliyefungwa ng'ambo ya pili, akaniuliza kamba yake ina urefu gani, na majani mabichi yako upande upi. Tukafika penye kivuli cha mikorosho kilichoangukia njia, akaniuliza kivuli kimeficha nini. Nikasema sioni kitu. Akaniambia hilo ndilo jibu. Tukasogea, tukalikuta shimo.

Jioni nilikuwa na malengelenge kwenye visigino vyote viwili, na usukani sijaugusa. Nilimchukia yule mzee kwa muda, lakini tangu siku hiyo sijaweza kupita barabarani kama watu wengine. Mke wangu anasema kusafiri na mimi ni kama kukaa na mtu anayesoma kwa sauti. Nanyi mnajua kwamba kila darasa langu lilianza na matembezi hayo, na mnajua wanafunzi walivyonung'unika. Waacheni wanung'unike.

Wanafunzi wa siku zile walikuwa watu wazima waliotaka kazi ya lori au wafanyabiashara walionunua gari kuukuu. Walikuwa na uoga, na uoga wa mtu mzima unafundishika. Nilikuwa na mmoja, mnunuzi wa mbaazi, ambaye kila lori lilipotokea mbele alisema bismillahi na kufumba macho. Nikamwambia dua ni sawa kabisa, aendelee nayo, ila macho ayafumbue. Ilichukua muda. Leo ana magari matatu, na nikimwona anakuja bado nasogea pembeni.

Halafu pikipiki zikaja, na umri wa wanafunzi ukashuka. Kijana amemaliza shule, korosho za baba zimekwenda mnadani, na pikipiki inaingia uani ikiwa bado na nailoni kwenye kiti. Binamu yake anamfundisha mchana mmoja kwenye njia ya shambani: hii klachi, hii gia, hapa unatia moto ili ikimbie. Breki anaelezwa mwishoni, kama mtu anavyokumbushwa kufunga mlango. Kesho yake ana abiria. Wachache sana waliletwa kwetu kwanza. Wengi waliletwa baada ya kuanguka, na kuna ambao hawakuletwa kabisa.

Watu wanasema vijana wanakufa kwa sababu ya mwendo. Mwendo upo, siukatai, lakini mimi nimewatazama kwa karibu. Kijana mgeni wa barabara hutazama pale mbele ya tairi lake, basi kila kitu kinamjia ghafla. Akiwa peke yake anaendesha vizuri. Mpakie rafiki yake, ataendesha kwa ajili ya rafiki. Helmeti anaining'iniza kwenye mkono kama kikapu. Miezi ile ya kwanza, anapokwisha kuzoea gia na mikono imeacha kutetemeka, ndiyo mibaya kuliko yote, maana anajiona amemaliza. Vioo vya pembeni anaving'oa. Niliwahi kumuuliza mmoja kisa cha kuving'oa.

"Oya mwalimu, vioo ni vya wazee bwana," akanijibu. "Mi naangalia mbele. Nyuma kwani naenda?"

Na lami ilipofika ilituletea mambo yake. Barabara ya vumbi iliwaadhibu mapema, wakiwa kwenye mwendo mdogo. Walichubuka magoti, wakapata akili. Lami haimwonyi mtu. Inamwacha akimbie, halafu anakata kona kuingia njia ya kijijini na mwendo uleule, na huko mchanga unamsubiri.

Hayo yote mtayakuta katika mafunzo yenu, labda kwa maneno mazuri zaidi. Lakini kuna hatari moja ambayo sikuikuta kwenye mafunzo yoyote, na nadhani ni ya kwetu huku. Niliigundua kwa kukaa. Nilikuwa na tabia ya kukaa kwenye benchi la fundi baiskeli pembeni mwa barabara ili niwatazame wanafunzi wangu wakiwa hawajui kama wanatazamwa. Nikaona jambo ambalo kwanza lilinichekesha. Wale watundu, waliopita wamekunja uso bila kumjali mtu, mikono yao yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Waliokuwa wakiyumba ni wale waliolelewa vizuri.

Ninyi ni wa hukuhuku, mnajua. Hapiti mtu mbele ya mkubwa wake kimya. Na salamu ya heshima hutolewa kwa mkono wa kulia. Sasa kwenye pikipiki mkono wa kulia ndio unaotia na kutoa moto, ndio unaoshika breki ya mbele. Kijana anamwona mama mkubwa wake anatoka kisimani, anauinua mkono, anageuza na shingo, maana kumwamkia mtu bila kumtazama nako ni dharau. Kwa muda huo mfupi pikipiki inajiendesha yenyewe. Akirudisha mkono anaushusha kwa pupa, anatia moto bila kukusudia. Nimewaokota wawili kwenye mtaro wa maji namna hiyo, wote watoto wazuri, na wote kitu cha kwanza walichofanya ni kuniamkia.

Nikatafuta njia. Niliwaambia wanyanyue wa kushoto, wakanitazama kana kwamba nimetukana. Niliwaambia wapige honi kidogo, na mama mmoja wa Matambarale akaenda na jembe lake begani mpaka kwao na kijana. "Mwanao kanipigia honi kama mbuzi," akasema, na kijana akachapwa. Niliwaambia waseme shikamoo kwa sauti bila kunyanyua kitu; mngurumo wa injini ukaimeza, wazee wakabaki wakiulizana yule mtoto kafoka nini. Mwishowe nikaamua kwamba njia ni mbili tu. Ama kijana asimame, azime, ashuke, aamkie. Ama apite bila salamu.

Ndiyo kazi niliyoifanya miaka yangu ya mwisho. Niliwafundisha watoto wa watu kupita bila salamu.

Shaibu alikuja kwenye darasa letu la Mbekenyera, lile tulilolifanyia kwenye kiwanja cha mpira. Alikuwa ametimiza umri wa leseni, mwembamba, shati amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alilelewa na babu yake, Mzee Mfaume, ambaye nyumba yake iko kwenye kona ya kutokea kijijini. Pikipiki ilikuwa ya korosho za babu. Mzee Mfaume alikuwa na kigoda chake cha barazani kinachotazama barabara, na kila aliyeingia au kutoka Mbekenyera alipita mbele ya kigoda hicho.

Katika matembezi ya miguu sijapata mwanafunzi kama Shaibu. Nilimuuliza nyumba hii ina nini, akaniambia ina mlango, na ndala ndogo mbili nje, na moja imeelekea barabarani. Sikuwa nimeziona hizo ndala. Nilifurahi siku hiyo kama vile nimemzaa mimi. Nikasema moyoni kwamba huyu ataendesha mpaka azeeke.

Shida ilikuwa mkono. Nilichukua kiti, nikakaa pembeni mwa kiwanja, nikajifanya mzee. Nikamwambia, "Mimi niko barazani kwangu. Nakutazama. Wewe unapita." Akaja polepole, amenyooka vizuri, na alipofika usawa wangu mkono ukapanda.

"Shaibu!"

"Samahani mwalimu. Unaenda wenyewe."

Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Tukarudia. Nilivaa kofia ya kiua, nikashika fimbo, nikakohoa kizee. Mkono ukapanda. Mmoja akapiga kelele, "Kausha, mzee baba! Pita kama humjui!" Shaibu akacheka naye, akarudi mwanzo, akajaribu tena. Ilitugharimu siku nyingi, lakini ikafika jioni akapita mbele yangu uso umetazama mbele, mikono yote imetulia, na macho yamelengalenga machozi. Alinifuata akaniuliza kama nimeudhika. Nikamwambia sijaudhika hata kidogo, nimefurahi.

Niliona haifai kuwafundisha watoto jambo hili bila kuwaambia wazazi wao. Nikawaomba wazee wa Mbekenyera wanisikilize baada ya swala ya Ijumaa, kwenye baraza la duka moja. Nilisimama, kofia mkononi, nikaeleza habari ya mkono wa kulia na breki. Nikaomba kijana aliye juu ya pikipiki asihesabiwe amekosa adabu akipita kimya.

Wa kwanza kujibu alikuwa Mzee Mfaume. "Mwalimu, umetoka Ruangwa kuja kutwambia watoto watupite kama wanavyopita visiki?"

"Hapana, mzee. Watawaamkia wakishuka."

"Ntoto akishaanza kuchagua lini asalimu, huyo hasalimu tena."

Bi Somoe, anayekaanga mihogo pale jirani, hakualikwa lakini alikuwa anasikia. Akasema kwa sauti bila kuacha kugeuza mihogo yake, "Mie wangu apite tu. Nikimwona kapita mzima inanitosha, shikamoo ataniletea jioni." Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Mzee Mfaume hakumtazama.

"Mwalimu," akasema, na sasa hakuwa na ukali, "huyu Shaibu baba yake kafa hata kutambaa hajaanza. Mama kaolewa mbali. Mimi sikuwa na kitu. Shamba unaliona. Kitu nilichompa nchukuu wangu ni adabu, basi. Kila anayepita hapa ananiambia, Mfaume, umelea. Sasa wewe unataka akiidondoshe njiani hicho kimoja nilichompa?"

Nikamwambia asimame basi, azime, amwamkie, ndipo aendelee. Akaniuliza, "Na akiwa na haraka?" Nikamwambia akiwa na haraka apite. Akatikisa kichwa. "Wa wenzangu wapite. Wangu atanisalimu."

Kikao kikaisha kwa kusema tutalitazama, maneno ambayo kwetu hutumika pale ambapo hakuna anayetaka kumkatalia mgeni. Simlaumu Mzee Mfaume, na ninyi msimlaumu. Ningekuwa na mjukuu kama yule, na mimi ningetaka watu wote waone anavyoniamkia.

Shaibu alipata leseni, akaanza kubeba abiria. Nilikutana naye stendi ya Ruangwa, akashuka, akaniamkia kwa mikono miwili, akaniambia, "Mwalimu, kwa wengine nimeweza. Napita. Kwa babu sijaweza. Akinitazama tu, basi." Nikamwambia kwa babu asijaribu kupita kabisa, asimame kila mara. Akasema ndivyo anavyofanya, na abiria wanamlalamikia, wanamwita mwali. Tukacheka. Alikuwa na helmeti moja, nikamhimiza atafute ya pili. Akasema akiuza ufuta wake.

Niliyoyaandika hapa chini sikuyaona. Nimeyapata kwa Bi Zuhura, abiria wake wa siku hiyo, mama wa makamo wa palepale Mbekenyera. Binti yake alikuwa amejifungua mjini, na yeye alikuwa anawahi Noah ya kwenda Ruangwa.

"Alinivalisha helmeti yeye mwenyewe," aliniambia. "Nikamwuliza, na wewe? Akasema, mama siwezi kuvaa mimi na wewe umekaa kichwa wazi. Akanifunga na kamba kidevuni. Nikamwambia, mwanangu, leo usisimame kwa mtu, gari itaniacha. Tulipofika karibu na kwa babu yake akapunguza. Nikamgusa bega, nikamwambia, twende. Akaenda. Mimi ndiye niliyemwambia twende."

Kwenye ile kona mvua za masika zilikuwa zimesomba mchanga, kama kila mwaka, na kuurundika karibu na kalavati. Shaibu aliujua mchanga huo kuliko mtu yeyote. Alikuwa amewaonyesha wenzake siku ya matembezi. Babu yake alikuwa kwenye kigoda. Bi Zuhura akauona mkono wa Shaibu unapanda, na uso wake ukageukia barazani. Anasema Mzee Mfaume alikuwa tayari ameshaunyanyua wa kwake kuitikia.

Tairi la mbele lilizama mchangani. Bi Zuhura aliangukia upande wa majani, akavunjika mkono. Shaibu kichwa chake kilipiga kwenye ukingo wa kalavati. Alifia njiani, mapajani mwa jirani, kabla ya kufika hospitali.

Nilikwenda mazikoni. Mnajua kwetu msiba hauendi bila mtani. Alikuja mtani wao, mtu wa maneno mengi, na kama ilivyo desturi akaficha jembe la kuchimbia, akawauliza wenye msiba wanalia nini wakati marehemu alikuwa mvivu wa kulima. Watu walicheka kidogo, kicheko kile cha msibani kinachomsaidia mtu kupumua. Halafu akataka kumwigiza Shaibu, ndiyo kazi ya mtani, kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kusema. Akachagua kitu ambacho Mbekenyera nzima ingekitambua. Akajifanya amekaa kwenye pikipiki, akanyoosha shingo, akaunyanyua mkono wa kulia.

Ukabaki juu. Nadhani ndipo alipotambua amefanya nini. Mtani akaushusha mkono, akakaa chini kwenye vumbi, akalia kama mtoto. Sijawahi kuona mtani akilia kazini. Mimi nililia pia, na sikujificha.

Mzee Mfaume aliniita kwenye mkeka wake. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mwalimu, ulimwambia asinisalimu?"

"Nilimwambia asimame kwanza, mzee. Asiposimama, apite."

"Wengine alikuwa anawapita?"

"Alikuwa anawapita."

"Kwa hiyo ni mimi."

Nikaanza kusema. Nikasema ni mchanga. Nikasema ni haraka ya abiria, ni helmeti moja, ni kalavati lililojengwa vibaya. Yote ni kweli, na ningeyasema mbele ya mtu yeyote. Mzee akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Kunywa uji. Umetoka mbali."

Baada ya hapo Mbekenyera hakikufanyika kikao kingine, na hakikuhitajika. Wazee waliacha kudai salamu ya pikipiki bila kutangaza. Ukipita sasa utaona kijana anakwenda zake, macho mbele, na mzee naye anajishughulisha na jambo jingine ili mtoto asipate mtihani. Wageni wanasema Mbekenyera vijana wamekuwa hawana adabu. Nikiwasikia huwa najitahidi ninyamaze.

Ninyi mnaoendelea na kazi, nawaomba mambo haya. Msimruhusu mwanafunzi aondoke na helmeti moja. Kaeni kwenye kiti mjifanye wazee mpaka mkono wake utulie, hata mkichekwa. Na mnapofika kijiji kipya, anzeni na wazee, kwa sababu mnakwenda kuwaomba kitu kikubwa, na wanaweza kukataa kwa upendo.

Darasa langu la mwisho nililifanyia Mbekenyera. Niliomba mwenyewe iwe hivyo. Tulifanya matembezi ya miguu, wanafunzi wakinung'unika nyuma yangu kama kawaida, nikiwauliza milango inatazama wapi. Tukafika kwenye kona. Mchanga wa kalavati ulikuwa umezolewa. Mzee Mfaume alikuwa barazani, kwenye kigoda kilekile, lakini alikuwa amekaa akitazama ukuta, mgongo ameupa barabara. Pikipiki moja ilipita, kijana hajanyanyua kitu, na mzee hakugeuka. Nilisikia kwa majirani kwamba ndivyo anavyokaa siku hizi, kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama.

Mwanafunzi mmoja, binti, akaninong'oneza, "Mwalimu, yule babu amesusa?"

Nikamwambia hajasusa. Nikawaambia wamwamkie. Wakasogea barazani wote, wakainama, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo babu."

Hakugeuka. Akauliza akiwa bado anautazama ukuta, "Mko kwa miguu?"

"Ndiyo, babu. Tuko kwa miguu."

Ndipo akashika ukingo wa kigoda, akakigeuza polepole mpaka akatuelekea. Akatutazama mmoja mmoja, akaunyanyua mkono wa kulia. "Marahaba, wanangu," akasema. "Marahaba. Marahaba."

Kisha tukasikia pikipiki ikija kutoka upande wa Ruangwa, naye akakigeuza kigoda chake ukutani.